Kunoa kisu cha randa kikae mraba: kutengeneza kibanio cha grenda na kukitumia

Randa ikila upande mmoja na kuruka upande wa pili, fundi husukuma kijiti cha kusawazishia kisu hadi mwisho wake, na bado ubao unatoka na ngazi. Mara nyingi mwili wa randa hauna kosa. Kosa liko kwenye kisu: makali yake hayako mraba na ubavu wake, yaani hayakutani nao kwa digrii 90. Kisu cha upana wa mm 50 kikipotoka digrii 1 tu, kona moja inaitangulia nyingine kwa karibu mm 0.9. Randa la kumalizia, yaani utepe wa mbao unaotoka kwenye randa, lina unene usiofika hata mm 0.1, kwa hiyo hiyo digrii moja ni kubwa mno. Kijiti kinaweza kuficha kosa dogo, lakini bamba la kuvunjia maranda linalofungwa juu ya kisu halitakaa sambamba na makali, na mdomo wa randa utakuwa mpana upande mmoja na mwembamba upande mwingine.

Kwa fundi wa Tanga jambo hili linarudi haraka. Msaji unaotoka shamba la Longuza kule Muheza una silika ndani yake, chembe ngumu kama mchanga, na unamaliza makali upesi kuliko mninga. Mvule nao mara nyingine hubeba vijiwe vya chokaa katikati ya mbao. Kisu kikigonga kimoja kinatoka pengo. Mbao za mnazi ndizo mbaya kuliko zote. Hivyo kisu kinakwenda kwenye grenda mara kwa mara, na kila kikienda bila kibanio kinapoteza mraba kidogo zaidi.

Mraba unatoka wapi

Tulielewe hili kabla ya kukata mbao ya kibanio, maana wengi wanalitazama kinyume. Mraba wa makali hautoki kwenye jiwe. Unatoka kwenye njia ambayo kisu kinapita mbele ya jiwe. Jiwe likiwa na mgongo kidogo, yaani katikati pamenyanyuka kuliko kingo, linagusa kisu sehemu moja ndogo tu. Kisu kikiteleza kulia na kushoto kwenye njia iliyonyooka, sehemu hiyo inachora makali yaliyonyooka kufuata njia ile ile. Kisu kikiwa mraba na njia, makali yatakuwa mraba na kisu, hata kama jiwe lenyewe si kamilifu.

Ndiyo maana kuhangaika kusawazisha uso wa jiwe kama meza, kisha kusukuma kisu kwa mkono mtupu, hakusaidii. Jiwe bapa linauma kwa kona zake, na mkono hauna njia. Tunachotengeneza hapa ni vitu viwili: meza yenye ukingo ulionyooka, na kibanio kinachoteleza kwenye ukingo huo.

Grenda na jiwe

Grenda ya mezani ya inchi 6 inatosha. Kwa umeme wetu wa 50 Hz mota za kawaida huzunguka karibu mara 2,850 kwa dakika. Kwa mwendo huo jiwe la inchi 6 linapita kwenye kisu kwa kasi ya mita 22 hivi kwa sekunde, na la inchi 8 mita 30. La inchi 8 linachonga haraka, lakini linachoma haraka pia.

Mawe ya kijivu yanayokuja na grenda, kwa kawaida namba 36 upande mmoja na 60 upande mwingine, ni magumu kwa kazi hii. Chembe zake zikishafubaa hazidondoki. Jiwe linang'aa, halikati, linasugua na kupasha moto. Ukipata jiwe jeupe la namba 60 au 80, lifunge hilo. Lina chembe zinazoachia upesi na kuacha chembe mpya kali. Jiwe la kijani ni la ncha ngumu za mashine, usilitumie hapa.

Kabla ya kufunga jiwe lolote, lining'inize kwa kidole na uligonge taratibu kwa mpini wa bisibisi. Jiwe lisilo na ufa linalia kama kikombe cha kauri. Likitoa sauti ya kufa lina ufa, litupe. Soma kasi iliyoandikwa kwenye lebo yake, iwe juu kuliko ya mota. Ukiliwasha mara ya kwanza simama pembeni, liache lizunguke dakika nzima. Vaa miwani, vua glavu.

Uso wa jiwe uchonge kwa kichongeo cha almasi hadi lizunguke bila kuruka, kisha pitisha kidogo zaidi kwenye kingo mbili ili katikati pabaki pamenyanyuka. Mgongo wa nusu milimita unatosha.

Meza

Tafuta mbao ngumu iliyokauka vizuri, mninga ni mzuri kwa sababu hauchezi sana na unyevu wa pwani. Kata uso wa meza mm 200 kwa 90, unene mm 20. Ukingo mmoja mrefu, ule utakaokutazama wewe, upige randa ndefu hadi rula ya chuma isione mwanga chini yake. Ukingo huu ndio reli. Ukiwa na bonde la nusu milimita, kila kisu utakachonoa kitapata umbo hilo hilo.

Meza ikae juu ya kisanduku cha mbao kilichofungwa kwa bolti kwenye benchi, mbele ya jiwe. Urefu wa kisanduku unategemea grenda yako. Lengo ni kisu kiguse jiwe katikati ya usawa wa mhimili na kilele chake. Funga meza kwenye kisanduku kwa bawaba mbili za inchi 3, uzirudishe ndani mm 30 kutoka kwenye reli ili zisizuie kibanio. Upande wa jiwe weka kabari pana chini ya meza, ukiisukuma ndani meza inapanda, ukiivuta inashuka. Ukishapata pembe, kaza kabari kwa skrubu. Nafasi kati ya meza na jiwe isizidi mm 3. Ikizidi, kisu kinaweza kunaswa na kuvutwa chini.

Kibanio

Vipande vitatu. Bapa la chini: upana mm 120, urefu mm 90, unene mm 12. Kipande cha kuongoza: mm 120 kwa 20 kwa 20. Kipande cha kubania cha juu: mm 120 kwa 30 kwa 20. Ongeza bolti mbili za M8 zenye nati za masikio na washa pana.

Kipande cha kuongoza kinagandishwa chini ya bapa, kwenye ukingo ulio upande wako, kikining'inia ili kitembee kwenye reli. Toboa bapa na kipande cha kubania kwa pamoja, matundu mawili yenye umbali wa mm 90 katikati hadi katikati, ili kisu cha mm 50 au cha 60 kipite katikati yake bila kubanwa.

Sasa sehemu inayobeba kazi yote. Juu ya bapa gandisha ukanda mwembamba wa mbao ngumu, upana mm 10, ambao ubavu wa kisu utaegemea. Ukanda huu lazima uwe mraba kamili na uso wa kipande cha kuongoza, uso ule unaogusa reli. Pima kwa guni, au skwea kama wengi wanavyoiita, lakini guni yenyewe ipimwe kwanza: chora mstari kutoka kwenye ukingo ulionyooka, geuza guni upande wa pili, chora tena kutoka nukta ile ile. Mistari ikiachana, nusu ya mwachano huo ndiyo kosa la guni. Guni zilizoanguka sakafuni mara mbili tatu mara nyingi huwa zimepotoka. Ukanda ukishakaa, usitegemee gundi peke yake, tia skrubu mbili ndogo.

Tumbo la kipande cha kubania lipige randa kidogo pande zote mbili ili katikati pabaki pamevimba kiasi cha nusu milimita. Bolti ziko mwishoni. Zikikazwa kipande hujikunja juu katikati na kisu kinabaki huru. Huo uvimbe unaurudisha mbano pale kisu kilipo. Chini yake gandisha kipande cha tyubu ya baiskeli, kisu kisiteleze.

Kupanga pembe

Kisu cha randa ya kawaida, ile ambayo kisu chake kinalala digrii 45 na hanamu, yaani uso wa mshazari unaoishia kwenye makali, ikitazama chini, tunakisaga kwa digrii 25 na kukinoa makali ya mwisho kwa digrii 30. Hakuna haja ya kupima digrii kwa macho. Pima urefu wa hanamu: kwa digrii 25 ni unene wa kisu mara 2.4 hivi. Kisu cha unene wa mm 2 kinataka hanamu ya mm 4.7, cha mm 3 kinataka mm 7. Ukitaka kiolezo cha karatasi ngumu, chora mstari wa mm 100 kwenda mbele, panda wima mm 47, unganisha. Hiyo ni digrii 25. Kwa digrii 30 panda mm 58.

Paka hanamu yote wino wa makapeni, funga kisu kwenye kibanio, kiweke mezani, na zungusha jiwe kwa mkono, grenda ikiwa imezimwa na plagi imechomolewa. Wino ukifutika katikati ya hanamu, pembe ni sahihi. Ukifutika karibu na makali, meza imeweka kisu wima mno. Ukifutika kisiginoni, yaani mwisho wa hanamu ulio mbali na makali, kisu kimelala mno. Sogeza kabari, paka tena, jaribu tena. Jaribio hili ni la dakika chache, nalo ndilo linaloamua kama utasaga kisu mara moja au mara nne.

Kusaga kwa awamu mbili

Awamu ya kwanza ni kunyoosha makali, bila kugusa hanamu. Shusha meza upande wa jiwe hadi kisu kielekee moja kwa moja kwenye mhimili wa jiwe, kama vile unataka kukiua kabisa. Ingiza kisu, ubavu wake ukiegemea ukanda, kaza nati mbili kwa zamu, robo mzunguko huku, robo kule. Ukikaza moja hadi mwisho kwanza, kisu kinageuka kufuata nati na mraba umeshaondoka kabla ya cheche ya kwanza. Hii ndiyo sababu ya kawaida kuliko zote ya kisu kutoka upande hata kwa mwenye kibanio kizuri. Baada ya kukaza, weka guni tena kati ya ubavu wa kisu na kipande cha kuongoza. Kila mara.

Visu vya zamani vingine havina mbavu sambamba, vimepungua upana kuelekea juu. Kwa hivyo usitumie ukanda. Chora mstari wa katikati mgongoni kwa sindano ya chuma na upime guni kwenye mstari huo.

Kabla ya kuwasha, kata kanda tatu nne za karatasi ngumu, boksi la dawa ya meno linafaa, zenye urefu wa reli nzima, na uzibandike kwa selotepu kwenye reli. Kila ukanda ni kiasi cha robo au theluthi ya milimita. Kisu kitokeze mbele ya kibanio mm 25 hadi 30, kiguse jiwe huku kipande cha kuongoza kikikaribia kanda bila kuzigusa. Washa. Telezesha kibanio kutoka kona hadi kona, mwendo mmoja, usisimame pembeni. Vidole viwili tu juu ya kisu, uzito wa mkono unatosha. Cheche zitakuwa nyingi upande uliotangulia, kisha zitasambaa. Zikikoma kabisa maana yake kipande cha kuongoza kimefika kwenye reli na kisu hakiwezi kwenda mbele tena. Bandua ukanda mmoja wa karatasi, endelea. Acha pale pengo lote litakapokuwa limeisha na ukingo butu umeonekana kutoka kona hadi kona.

Usibandike vipande vifupi pembeni badala ya kanda za urefu mzima. Kipande kifupi kinapindisha njia, na njia ndiyo mraba.

Awamu ya pili, rudisha meza kwenye digrii 25 kwa jaribio la wino, funga kisu upya, bandika kanda mpya. Sasa ule ukingo butu unakufanyia kazi mbili. Kwanza, chuma kinene hakiungui haraka kama ncha nyembamba. Pili, unakuonyesha mraba. Shika kisu chini ya taa, makali yakikutazama: utaona mstari mweupe unaong'aa, ndio ukingo butu. Kadiri hanamu inavyosagwa, mstari unakonda. Ukiwa mnene kushoto na mwembamba kulia, kisu kimegeuka kwenye kibanio au kidole kimoja kinasukuma zaidi. Simama, pima, rekebisha sasa, kabla upande mwembamba haujaisha. Ukikonda sawasawa hadi unafanana na unywele, zima grenda. Usiumalize kwenye jiwe la grenda, mwachie msasa.

Moto

Weka kopo la maji karibu na uchovye kisu pamoja na kibanio chake kila baada ya pita tatu au nne. Weka kidole mgongoni mwa kisu, sentimita mbili kutoka kwenye makali. Kikianza kuhisi joto, chovya. Chovya kabla ya rangi, si baada yake. Chuma cha kaboni kikigeuka rangi ya majani makavu kimefika kama digrii 220 hadi 230 za joto, na hapo ndipo mpaka. Kikiwa cha bluu kimefika karibu 300 na kimepoteza ugumu. Makali hayo yatalala kwenye mbao ya kwanza. Kusugua bluu kwa msasa hadi isionekane hakurudishi ugumu. Dawa ni kukata mbele ya bluu kwa awamu ya kwanza, mm 1 au 2, na kuanza upya.

Hapa ndipo grenda ya mkono, ile ya kukatia nondo, inapoharibu visu vingi kuliko kitu kingine chochote. Inazunguka kwa kasi kubwa sana, haina meza, na inachoma kona kabla jicho halijaona. Kama umeme hakuna, afadhali grenda ya kuzungusha kwa mkono. Inaenda polepole, karibu haichomi kamwe, na kibanio hiki kinaikubali vilevile.

Makali ya mwisho

Kioo cha mm 6 au zaidi juu ya ubao ulionyooka ndiyo meza ya kunolea. Mwagia maji kidogo, laza msasa wa maji, ule wa mafundi rangi za magari. Anza na mgongo wa kisu, upande usio na hanamu: sm 2 za mwanzo lazima ziwe bapa na zing'ae kama kioo, kwa namba 240, 400, 800, 1000, hadi 2000. Kazi hii ya mgongo ni ya mara moja katika maisha ya kisu; siku nyingine ni 2000 pekee.

Kisha geukia hanamu. Jiwe la inchi 6 limeiachia bonde dogo, kama mm 0.04 katikati, lisiloonekana lakini linalosikika: ukiilaza hanamu kwenye kioo inasimama yenyewe kwenye makali na kisigino. Ukitumia kishikio kidogo cha gurudumu kinachobana kisu kwa mbavu, vingi vya aina hiyo hupangwa kwa kutokeza kisu mm 38 kwa digrii 30 na mm 50 kwa digrii 25. Namba 400 pita chache tu, hadi mstari mweupe wa ukingo butu ufe. Namba 1000 hadi usikie unywele wa chuma, yaani ukingo mwembamba uliojikunja, mgongoni. Pitisha dole gumba kutoka katikati kwenda nje, kamwe si kufuata urefu wa makali. Unywele unakwaruza ngozi kidogo. Uwepo kwa upana wote. Ukikosekana kona moja, kona hiyo bado haijafikiwa. Namba 2000 pita kumi, halafu laza mgongo bapa kabisa na uondoe unywele kwa pita mbili tatu. Kipande cha ngozi kilichogandishwa kwenye ubao kinamalizia, ukivuta kinyumenyume tu.

Kwa randa ya kulainishia, bonyeza kona moja pita tano na kona nyingine pita tano kwenye namba 2000. Zinarudi nyuma kiasi kisichopimika kwa rula, na randa inaacha kuchora mistari kwenye ubao. Kwa randa ya kuungia mbao ubavu kwa ubavu, usifanye hivyo.

Funga bamba la kuvunjia maranda mm 0.5 hadi 1 kutoka kwenye makali kwa kazi laini, mm 2 kwa kazi ya kwanza. Jaribu kwenye kichwa cha mbao ya paini, upande wa mwisho ambako nyuzi zimesimama. Kisu kizuri kinaacha uso unaong'aa. Kibovu kinang'oa nyuzi na kuacha weupe uliochakaa. Kisha jaribu kwenye uso wa ubao na utazame randa linavyotoka. Likitoka pana mwili mzima huku kijiti cha kusawazishia kikiwa katikati, mraba umeupata.

Usirudi kwenye grenda kila kisu kinapofubaa. Noa kwenye msasa hadi ule uso wa digrii 30 uvuke mm 1.5 upana, au hadi kisu kipate pengo. Kwa msaji hiyo inaweza kuwa wiki chache, kwa mninga zaidi sana. Na hewa ya bahari haisubiri: kisu kilichofutwa maji tu kinapata madoa ya kutu usiku mmoja, na doa mgongoni karibu na makali ni pengo linalokuja. Futa kikauke, pakaa mafuta ya cherehani pande zote mbili, na kibanio chenyewe kihifadhi mahali pakavu, reli ya meza ikitazama chini isigongwe.